Vijana wanakwenda Wuppertal. Nani atawavusha Ruzizi?

Tangu Januari viongozi wa vijana katika makanisa yetu ya Uvira wananiuliza swali moja, na ninadhani wachungaji wengine wa mashariki wanaulizwa vilevile: je, mabadilishano ya vijana yaanze tena, au tungoje kwanza vita viishe? Swali linakuja kwa sura nyingi. Mama mmoja wa kanisa letu hapa Kalundu aliliweka wazi kuliko wote: "Mchungaji, mtoto wangu akienda kulala kwa watu wale, akirudi hapa watamwita nani?"

Kwa wasioyajua, mabadilishano ninayosema ni haya. Kanisa, shule au shirika la nchi moja linatuma vijana wachache wakae wiki kadhaa, au mwaka mzima, pamoja na vijana wa nchi nyingine, nao wa kule wanakuja huku. Wanakula pamoja, wanafanya kazi, wanajifunza lugha, wanahudhuria ibada. Karatasi za wafadhili zinasema lengo ni uvumilivu na kuelewana kati ya tamaduni. Ni lengo jema. Lakini kwetu, ambapo neno "mgeni" limeua watu, inatupasa kulipima kwa uangalifu kuliko wale wanaoandika karatasi hizo.

Tukumbuke tuko wapi. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Tarehe 4 Desemba 2025 rais wetu na rais wa Rwanda walikuwa Washington wakithibitisha mapatano ya amani. Tarehe 10 M23 walikuwa ndani ya Uvira. Siku zile mpaka wetu na Burundi ulifungwa, na wengi waliowahi kuvuka walijikuta Busuma, mbali na ziwa, wakilala chini ya maturubai. Katikati ya Januari 2026 M23 wakaondoka mjini, jeshi la serikali na Wazalendo wakarudi. Kila jeshi lilipoingia kulikuwa na familia zilizofungua madirisha na nyingine zilizofunga mizigo. Zamu iliyofuata mambo yaligeuka. Anayesema hofu ile ilikuwa ya kabila moja tu hakuwa hapa.

Sasa, katika hali hiyo, kuwazungumzia vijana kwenda kutembeleana kunaonekana kama mchezo. Mimi nadhani si mchezo, lakini sharti tutenganishe aina mbili za safari ambazo tumezoea kuziita kwa jina moja.

Safari ya kwanza ni ya mbali. Makanisa kadhaa ya mashariki yana undugu wa muda mrefu na Ulaya na Amerika. Mfano unaojulikana ni UEM, muungano wa makanisa ya Ujerumani, Afrika na Asia wenye ofisi kuu mjini Wuppertal. Ndani yake wamo Wabaptisti wa CBCA wenye makao Goma, Wapresbiteri wa Rwanda, na dayosisi za Kilutheri za Tanzania. Muungano huo una programu ya vijana wa kujitolea: Mjerumani anakuja kufanya kazi katika shule au kituo cha watoto Afrika, Mwafrika anakwenda kufanya kazi katika nyumba ya wazee au shule ya chekechea Ujerumani. Nimewaona vijana waliorudi kutoka safari za namna hiyo. Wanarudi wamebadilika kweli. Wamejua kufika kazini kwa wakati, wamejua kuuliza maswali mbele ya wakubwa (jambo ambalo baraza la wazee si kila mara linalipenda), na wamegundua kwamba mzungu pia analia, anazeeka peke yake, anaogopa kufa.

Lakini tuseme ukweli juu ya mizani. Visa ya Ulaya inaombwa Kinshasa, na kutoka Uvira kwenda Kinshasa ni ndege, hoteli na siku nyingi za kungoja. Kwa hiyo anayekwenda ni yule mwenye mjomba Kinshasa. Na yule wa kutoka Ujerumani, akitaka kuja Kalundu, serikali yake inamkataza kwa sababu ya usalama. Tangu vita vya 2025 hata Goma haimpati. Basi mabadilishano yamekuwa ya mguu mmoja: sisi tunakwenda kwao, wao hawaji kwetu. Kijana wetu anajifunza jinsi Wajerumani wanavyoishi. Mjerumani anajifunza Kongo kutoka mdomo wa mtu mmoja aliyevaa koti la kuazima.

Tena kuna jambo ambalo linanisumbua zaidi. Kijana anaweza kumaliza mwaka mzima Ulaya akisifiwa kwa uvumilivu wake, akirudi Uvira asiweze kukaa benchi moja na Mnyamulenge, au Mfuliiru, au Mrundi. Kumpenda mtu wa mbali hakukugharimu kitu. Hujawahi kugombea naye shamba, ng'ombe, kiti cha umwami wala kaburi.

Safari ya pili ni ya karibu, na ndiyo hatuifanyi. Fikiri juu ya barabara yetu wenyewe. Kwa miaka mingi msafiri wa Uvira aliyetaka kufika Bukavu bila kuvunjika mgongo katika milima ya Ngomo alipita Rwanda. Alifika Kamanyola, akavuka mpaka, akashika lami ya Bugarama mpaka Kamembe, kisha akavuka tena na kuingia Bukavu. Maelfu ya Wakongo wamepita njia ile, wengine mara mia. Waulize wamemfahamu Mnyarwanda gani. Wengi watakutajia askari wa mpaka na muuza maandazi. Tumepita ndani ya nyumba ya jirani miaka yote hiyo kupitia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, hatukukaa hata kidogo sebuleni. Upande wa Burundi ni karibu zaidi: kutoka Kavimvira hadi Gatumba ni mwendo wa miguu, na Bujumbura iko kama kilometa 30 kutoka Uvira. Mama zetu walivuka kila siku na ndagala, mchele, mafuta ya mawese na vitenge. Biashara ilivuka. Wagonjwa walivuka. Lakini kanisa kama kanisa lilivuka kwa makongamano tu, likalala hotelini, likarudi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wamisionari Wapentekoste kutoka Uswidi walianza kazi Uvira mwaka 1921, na kutoka mzizi ule ndipo ilipokuja jumuiya tunayoiita leo ya 8 CEPAC. Injili ile haikusimama Ruzizi. Mwaka 1935 misioni ileile ilifungua kituo Kiremba, Burundi, na mwaka 1940 ikaanza kazi Gihundwe, upande wa Rusizi nchini Rwanda. Makanisa makubwa ya Kipentekoste ya Burundi na Rwanda ya leo yana tawi la ukoo linalopita hapa kwetu. Ni watoto wangapi wa shule ya Jumapili wa Uvira wanajua hilo? Na ni wangapi wa Cyangugu?

Vivyo hivyo kwa masomo. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, alivuka kwenda Bujumbura kusomea udaktari katika chuo kikuu cha Burundi, akarudi kufanya kazi katika hospitali ya kanisa pale Lemera, kwenye milima iliyo juu ya uwanda wa Ruzizi, kisha akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Nobel aliyopewa mwaka 2018 ina vituo vingi nyuma yake, na kimoja ni Bujumbura. Wazazi wetu wa miaka ile hawakuona ajabu. Mwaka 1976 serikali tatu zilikutana Gisenyi zikaunda CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, na kitambulisho chake cha kusafiria kilimwezesha mtu wa kawaida kuvuka bila pasipoti. Benki yake ikawekwa Goma, umeme wa Ruzizi ya pili ukaongozwa kutoka Bukavu, utafiti wa kilimo ukawekwa Gitega. Vita vya miaka ya 90 viliivunja. Ilifufuliwa 2007, lakini nguvu za kwanza hazikurudi. Leo Kongo na Burundi ziko pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, sisi tangu 2022, na bado kijana wa Kalundu anajua zaidi majina ya wachezaji wa Paris kuliko jina la mtaa mmoja wa Bujumbura.

Najua kile ambacho msomaji anataka kunijibu. Atanijibu kwa majina: Makobola, Gatumba, Mutarule. Na ni sawa. Makobola iko kusini mwetu kidogo; mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 watu waliuawa pale kwa mamia. Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wamekimbia kutoka kwetu miezi miwili tu kabla, waliuawa katika mahema yao. Mutarule, Juni 2014, watu 30 na zaidi waliuawa, wengine wakiwa wamekusanyika kwenye kanisa la Kiprotestanti. Kila jumuiya ina jina lake moja ambalo inalitaja kwanza, na ina jina la jirani ambalo inalisahau. Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya mabadilishano. Kijana wa Makobola na kijana aliyefiwa Gatumba hawahitaji mtu awafundishe kwamba tamaduni zote ni nzuri. Wanahitaji kusikilizana majina hayo, kila mmoja akilisikia la mwenzake kutoka mdomo wa mtu aliyemlisha asubuhi ile.

Je, imewahi kufanyika? Ndiyo, na karibu na hapa. Ndugu wa Taizé, ile jumuiya ya maombi ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1940 na Roger, Mprotestanti wa Uswisi, wana desturi ya kukusanya vijana wa nchi nyingi katika mji mmoja, na vijana hao hawalali hotelini wala mabwenini bali katika nyumba za wakristo wa mji. Novemba 2008 walikuja Nairobi. Mwaka ule ulikuwa umeanza kwa mauaji ya baada ya uchaguzi, zaidi ya watu 1,000 wamekufa, majirani wa kabila mbalimbali hawajaaminiana bado. Na familia za Nairobi zikafungua milango kwa vijana wasiowajua. Novemba 2012 wakaja Kigali, kutoka tarehe 14 hadi 18. Vijana wa Kongo walikuwamo. Sasa angalia kalenda: tarehe 20 Novemba 2012, siku mbili baada ya mkutano kufungwa, M23 ya wakati ule iliingia Goma.

Mtu anaweza kusoma tarehe hizo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mcheshi wetu wa mtaani: waliimba siku tano Kigali, mizinga ikajibu siku ya sita. Njia ya pili ni kukumbuka kwamba wiki ileile ambapo nchi mbili zilikuwa zikitukanana redioni, kulikuwa na mama wa Kigali aliyekuwa na Mkongo mezani, akimwuliza kama amemaliza chakula. Hakuna aliyesema mama yule angesimamisha vita. Lakini anayetaka kujua kama jambo linawezekana, hilo ni jibu.

Hata hivyo sitaki tujidanganye kwa nyimbo. Kanda yetu ilipata uamsho mkubwa uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 30, ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu waliungamiana dhambi, Mwafrika na mzungu, Mhutu na Mtutsi, wakasafiri kwa vikundi kuvuka mipaka yote. Ni kweli wako waliokufa 1994 kwa sababu walikataa kutenganishwa na ndugu zao. Na ni kweli pia kwamba waliouawa makanisani waliuawa mara nyingi na watu waliobatizwa. Kukutana kwa furaha hakutoshi. Swali ni kukutana kwa namna gani.

Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana kwa vikundi vinavyochukiana kunapunguza chuki pale tu ambapo mambo fulani yapo: wakutane kama watu wa hadhi moja, wawe na lengo moja, walitafute kwa kushirikiana, na wenye mamlaka waunge mkono. Yakikosekana, kukutana kunaweza kuongeza dharau. Nilisoma hayo katika chuo cha teolojia na nikayaona makavu. Leo nikiyaweka mbele ya semina zetu ninaelewa kwa nini nyingi hazizai kitu. Vijana wa makabila manne wanaitwa katika ukumbi, wanapewa fulana, soda na pesa ya usafiri, wanasikia hotuba juu ya amani, wanapigwa picha, wanarudi. Lengo lao la pamoja lilikuwa pesa ya usafiri. Na kila kikundi kilikaa meza yake, kama nyinyi nyote mlivyoona.

Mfano mkubwa wa dunia ni wa Wafaransa na Wajerumani. Walipigana 1870, wakapigana 1914, wakapigana 1939. Mababu, baba na wana. Julai 1962 Jenerali de Gaulle na Kansela Adenauer walisimama pamoja katika ibada ndani ya kanisa kuu la Reims, mji ambao mizinga ya Kijerumani iliubomoa katika vita vya kwanza. Januari 1963 wakatia sahihi mkataba, na Julai ileile ikaundwa ofisi moja ya vijana wa nchi mbili. Tangu hapo zaidi ya vijana milioni 9 wamepita ndani yake. Watu wanapenda kusimulia ibada ya Reims. Mimi nadhani siri iko katika mambo manne ya kawaida ambayo hayapigwi picha. Serikali zote mbili zililipa sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mfadhili na hakuna aliyekuwa ombaomba. Waliokwenda hawakuwa wanafunzi peke yao. Walikwenda wafanyakazi na wanaojifunza ufundi. Wengi walilala nyumbani kwa watu, pamoja na babu aliyepoteza mguu Verdun. Na jambo hilo halikufanyika mara moja kama sherehe. Lilirudiwa mwaka baada ya mwaka, mpaka waliokwenda wakawa wazazi wa wanaokwenda.

Mtu atasema: wao walianza miaka 18 baada ya vita kwisha, na sisi vita havijaisha. Ni kweli, na ni tofauti kubwa. Lakini nchi sita za Balkani ya Magharibi, ambazo mpaka leo zina ugomvi ambao haujatatuliwa (Serbia haiitambui Kosovo kama nchi), zilitia sahihi mwaka 2016 mapatano ya kuwa na ofisi ya vijana ya namna hiyohiyo, makao yake Tirana. Hawakungoja wakubwa wapatane juu ya ramani.

Kwetu, wakubwa wa kanisa wamekwisha kufungua mlango. Mwezi wa kwanza wa 2025 ECC yetu pamoja na maaskofu wa CENCO walitoa Mapatano ya Kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vizuri, na katika jina lenyewe waliandika Kongo na Maziwa Makuu pia. Februari walikwenda Goma kuongea na AFC/M23, wakatukanwa na watu wa pande zote kwa sababu hiyo. Lakini mapatano yale yamebaki mikononi mwa maaskofu na marais. Hayajashuka parokiani. Nikiulizwa yangeonekanaje yakishuka Kalundu, ninajibu: yangeonekana kama godoro lililowekwa sebuleni kwa mgeni wa miaka 20 kutoka kanisa la Gatumba.

Au wa karibu zaidi. Neno "kimataifa" lisitupoteze. Tungeweza kuanza bila kuvuka mpaka wowote, kati ya parokia za Kalundu na zile za ndugu wanaoimba Kinyamulenge katika mji huuhuu, na vijana wa Wabembe wa barabara ya Fizi, na Wafuliiru wa uwandani. Baadaye Bujumbura. Baadaye, wakati utakapowezekana, Kamembe. Mtu asiyeweza kulala kwa jirani wa kilometa tatu asipewe nauli ya kwenda kwa jirani wa kilometa elfu sita.

Kuhusu hatari, tusifiche. Katika mji wetu kijana aliyeonekana na "watu wale" anaweza kuitwa msaliti siku ambayo upepo unabadilika, na upepo wetu umebadilika mara mbili katika wiki sita. Ndiyo maana ninapinga kabisa desturi ya picha. Wafadhili wanataka picha za vijana wakikumbatiana, na sisi tunazituma, kisha zinazunguka katika simu mpaka zinafika mahali ambapo hakuna anayeuliza kilikuwa kikundi cha kwaya au kikundi cha nini. Mabadilishano ya namna yetu yafanyike bila picha, bila fulana zenye maandishi, bila bendera ya shirika mlangoni. Mfadhili ambaye hawezi kutoa msaada bila picha, tumshukuru na tumwache aende. Wazazi wa pande zote mbili wakutane kwanza, wao wenyewe, kabla ya watoto. Wakuu wa mtaa wajulishwe. Mtoto ambaye mama yake amekataa asilazimishwe, wala mama asihubiriwe mpaka akubali. Yeye anajua jambo ambalo sisi wa ofisini hatulijui.

Halafu ni nani anayechaguliwa? Kwa kawaida ni mtoto wa mchungaji, mwanafunzi wa chuo kikuu, yule anayesema Kifaransa kizuri. Huyo tayari ana marafiki wa makabila yote katika simu yake. Wavuvi wanaotoka usiku na taa hapa Kalundu, wapakiaji wa bandarini ambao kazi yao ilikufa maji ya ziwa yalipopanda, wasichana wanaouza mikeke kando ya barabara, hao hawaalikwi. Na kuna wengine ambao hatuthubutu hata kuwataja katika mkutano wa vijana: wale wenye bunduki. Wengi wa wanaoitwa Wazalendo, na wengi wa upande wa pili, wana umri uleule wa miaka 18, 20, 22. Wengine walibatizwa na mikono yetu. Azimio 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2015, lilisema vijana wahesabiwe kama wajenzi wa amani na si kama hatari tu. Ni maneno mazuri, lakini hakuna programu ninayoijua ya kanisa lolote la hapa inayompa kijana aliyeweka bunduki chini mwaliko wa kwenda kukaa wiki mbili mahali ambapo hakuna anayemwogopa. Sisemi ni rahisi. Sisemi hata kwamba nimejua njia yake. Ninasema tu kwamba kama tunabadilishana wale ambao hawakuwa na chuki, tunafanya utalii.

Neno lenyewe pia linanipa shida. Tunasema "kuvumiliana". Kwa Kiswahili mtu anavumilia njaa, anavumilia jino linalouma, anavumilia mume mlevi. Kuvumilia ni kungoja kitu kipite. Ukiniambia unanivumilia, nimeelewa kwamba unangoja niondoke. Paulo, katika sura za mwisho za waraka kwa Warumi, alipowaandikia watu waliogombana juu ya chakula na siku, hakuishia kuwaomba wastahimiliane; alikwenda mpaka kupokeana. Na kupokea mtu, kwa desturi ya ziwa letu, si jambo la moyoni tu. Ni maji ya kunawa, ugali wa mihogo, mahali pa kulala, na mtu wa kumsindikiza mpaka barabarani kesho yake. Vijana wetu wanajua hayo yote. Waliyafanya Desemba, wengine kwa watu ambao hawakuwajua jina.

Fedha si nyingi. Nauli ya Kalundu hadi Bujumbura ni kidogo sana kuliko tiketi moja ya Kinshasa. Chakula kinatoka katika nyumba zinazopokea, na parokia inaweza kuongeza mfuko wa mchele. Kitu kimoja tu ndicho ghali, nacho ni kurudia. Kikundi kilekile kionane tena baada ya miezi sita, na tena mwaka unaofuata, na kifanye kazi moja pamoja: kusafisha mfereji wa maji kabla ya mvua, kupanda miti kwenye mteremko ulioporomoka pale Mulongwe mwaka 2020, kujenga choo cha shule. Kipindupindu hakichagui kabila, na mafuriko yale ya Aprili hayakuuliza mtu anasali lugha gani.

Kamati ya vijana ya Kalundu inakutana mwezi ujao. Wana majina 12 kwenye karatasi, sita wavulana na sita wasichana, na hakuna hata mmoja aliye mtoto wa mchungaji. Hilo waliliweka wenyewe kama sharti, na mimi nina binti wa miaka 19 ambaye hajafurahi. Parokia mbili za upande wa pili zimejibu kwamba zingependa kuanza na wazazi. Moja imeuliza kama tunaweza kuwapokea wa kwao kwanza, ndipo wao wawapokee wa kwetu, kwa sababu hawana uhakika wa nyumba zao. Baraza la wazee halijasema ndiyo, wala halijasema hapana. Lilichouliza ni kama nyumba zitakazopokea zina vyandarua vya kutosha.